Kahawa Ilipita Pwani, Haikukaa

Mwezi Februari 2025 bei ya arabika katika soko la New York ilivuka dola 4 kwa ratili, jambo ambalo soko hilo halikuwahi kuliona. Miezi michache kabla ya hapo robusta, ambayo bei yake hupangwa London, nayo ilikuwa imevuka dola 5,000 kwa tani. Habari za aina hii haziishii Moshi na Bukoba. Zinapita kwenye simu, zinapita kwa jamaa waliooa au kuolewa bara, na zikifika Mkange zinamkuta mkulima wa mahindi, ufuta, muhogo na korosho, mwenye ekari zake na nguvu zake. Naye anauliza swali la haki kabisa: kama mwenzangu wa Kagera anavuna hela mtini, kwa nini mimi nisipande?

Mkange ni kata ya Halmashauri ya Chalinze, wilayani Bagamoyo, kaskazini ya Mto Wami, ukiwa umepita Miono kuelekea Saadani. Nchi ni ya chini, joto ni la pwani, mvua ni za masika na vuli. Ardhi yake sehemu nyingi ni ya kichanga, na sehemu nyingine ni mbuga nyeusi inayopasuka kiangazi na kunasa miguu masika. Hakuna anayeitaja kwa kahawa. Hata hivyo naona hakuna upande wa Tanzania wenye haki ya kuuliza habari za zao hili kuliko pwani hii, maana arabika iliyoipatia Kilimanjaro jina duniani ilianzia safari yake Bagamoyo.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, Wafaransa, walifika Unguja miaka ya 1860 wakitokea kisiwa cha Réunion, kisha wakavuka kuja Bagamoyo mwaka 1868 wakiongozwa na Padre Antoine Horner. Walianzisha misheni na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, na kijiji hicho kilitakiwa kijilishe chenyewe. Bustani yao ikawa na minazi, miembe, vanila na mibuni ya Bourbon, aina ya arabika iliyokuwa imelelewa Réunion kwa zaidi ya miaka mia moja. Mikono iliyochimba mashimo, ikachota maji na kupalilia ilikuwa ya watoto na watu wazima waliotolewa kwenye soko la watumwa. Hilo halisemwi vya kutosha. Historia ya kahawa yetu inasimuliwa kwa majina ya mapadre, na waliolima hawatajwi hata kwa idadi.

Kutoka Bagamoyo misheni zilisogea bara kituo kwa kituo: Mhonda katika milima ya Nguru mwaka 1877, Mandera katika nchi ya Wakwere mwanzoni mwa miaka ya 1880, Morogoro mwaka 1882, na Kilema, Kilimanjaro, baada ya safari ya uchunguzi ya mwaka 1890. Mandera iko kwenye njia ileile inayoingia Miono na kufika Mkange. Mbegu na miche vilisafiri na mapadre. Kwa Kilema mwaka unaotajwa zaidi ni 1898. Tawi jingine la mbegu hiyo lilipandwa Bura, Taita, mwaka 1893, likafika misheni ya St. Austin nje ya Nairobi mwaka 1899, na ndilo lililozaa sehemu kubwa ya kahawa ya zamani ya Kenya. Mmea ulioshukia pwani ukapata makao milimani, na pwani ikabaki bila shamba.

Robusta haikuhitaji padre. Wahaya walikuwa nayo zamani sana, chini ya mamlaka ya watawala wao, ambao waliwekea masharti upandaji wake. Haikunywewa. Buni zilichumwa zikiwa bado hazijaiva, zikachemshwa na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa na kutafunwa. Watu wawili waliofanya udugu wa damu waligawana buni za tunda moja. Wapelelezi Speke na Grant walipoondoka Bagamoyo mwaka 1860 na msafara wao, walikuwa wanaelekea nchi ambako kahawa ilikuwa heshima ya mgeni kabla ya Mzungu yeyote kuileta. Kwa hiyo Tanzania ina kahawa mbili zenye asili mbili, na anayeuliza kama kahawa inafaa Mkange lazima kwanza aseme anauliza ipi.

Arabika asili yake ni misitu ya kusini-magharibi mwa Ethiopia, chini ya miti mikubwa, kwenye ubaridi wa mwinuko. Inapenda wastani wa joto wa nyuzi 18 hadi 22 za Selsiasi. Ndiyo maana hapa kwetu hulimwa kuanzia mita 1,000 hivi juu ya usawa wa bahari kwenda juu: Kilimanjaro, Arusha, Tarime, Mbozi, Mbinga, Kigoma. Kwenye ubaridi tunda huiva polepole, miezi saba hadi tisa tangu ua, na buni hujaa, ikawa ngumu na nzito. Kwenye joto tunda huiva haraka kabla buni haijajaa, mti unazaa kupita nguvu zake mwaka mmoja, kisha unakauka vichwa mwaka unaofuata.

Jambo ambalo wengi hawalitazami ni usiku. Mchana mmea hutengeneza chakula kwa jua. Usiku huteketeza sehemu ya chakula hicho ili uendelee kuishi, na kadiri usiku unavyokuwa wa joto ndivyo unavyoteketeza zaidi. Watafiti waliochambua takwimu za Tanzania za tangu miaka ya 1960 walionyesha mwaka 2015 kwamba kila joto la usiku linapopanda kwa nyuzi 1, mavuno ya arabika hupungua kwa takriban kilo 137 kwa hekta. Kwa wakulima wanaovuna kilo mia chache tu kwa hekta, hiyo ni hasara ya kumaliza shamba. Sasa chukua usiku wa Januari pwani, ambapo mtu analala nje ya shuka na bado joto liko juu ya nyuzi 22. Arabika ikipandwa Mkange itaota, itatoa majani, pengine itachanua. Mavuno ya kulipa gharama haitatoa, na anayewauzia wakulima wa huko miche ya arabika anawauzia kitu ambacho hakiwezekani.

Robusta ni suala jingine. Yenyewe inatoka misitu ya tambarare ya Afrika ya Kati na Magharibi, na joto la wastani la nyuzi 22 hadi 26 inalimudu. Kwa joto peke yake, Mkange haiko mbali. Kinachokosekana ni maji. Robusta inataka milimita 1,500 za mvua kwa mwaka au zaidi, zilizosambaa, na kiangazi kisichozidi miezi miwili au mitatu. Bukoba, kwa ukarimu wa Ziwa Viktoria, hupata kama milimita 2,000. Mwambao wa Bagamoyo hupata kama 1,000 katika mwaka wa kawaida, na nusu yake au zaidi hushuka yote kwa mkupuo masika. Kuanzia Juni hadi Oktoba mizizi ya robusta, ambayo mingi haiendi chini sana, ingekuwa inatafuta unyevu kwenye mchanga mkavu. Kizuizi cha arabika ni joto, cha robusta ni maji. Joto huwezi kulipunguza, lakini maji unaweza kuyavuta ukiwa na mto, pampu na hela ya mafuta, na hapo ndipo hesabu inapoanza.

Tuone basi kazi yenyewe ilivyo pale inapofanyika. Mbegu husiwa kitaluni na huchukua kama wiki sita hadi nane kuota. Mche mdogo huhamishiwa kwenye mfuko wa nailoni wenye udongo wa msituni, samadi na mchanga, ukakaa chini ya kivuli cha majani miezi minane hadi mwaka. Shimo huchimbwa mapema, sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini. Udongo wa juu huwekwa kando, huchanganywa na debe moja la samadi iliyooza, kisha hurudishwa na kuachwa ushuke. Upandaji wa zamani wa arabika ni futi 9 kwa 9, yaani kama miti 540 kwa ekari. Aina fupi zinabanana zaidi. Mavuno ya kwanza huja mwaka wa tatu, na mti hutulia mwaka wa nne au wa tano. Mkulima wa ufuta, aliyezoea kupanda na kuuza ndani ya mwaka huohuo, aijue miaka hiyo kabla hajang'oa chochote.

Kwenye kihamba cha Kilimanjaro mbuni haukai peke yake. Juu kuna miti ya kivuli, chini yake migomba, kisha mibuni, na chini kabisa maharage, magimbi na majani ya ng'ombe. Ng'ombe wanafungwa zizini, samadi inarudi shambani, na maji yanaletwa kwa mifongo iliyochimbwa na mababu kutoka kwenye mito ya mlima. Kagera, kibanja kina mpangilio huohuo wa ndizi na kahawa. Mtu wa pwani akiambiwa "lima kahawa" aelewe kwamba anaambiwa ajenge mfumo mzima, wenye ng'ombe, migomba, kivuli na maji. Mche wa mfukoni ndio sehemu rahisi kuliko zote.

Halafu kuna kisu. Mbuni usiopogolewa hurefuka, hujifunika, huzaa kwenye ncha tu na kuwa maficho ya wadudu. Kila baada ya mavuno matawi makavu na yaliyozaa sana hukatwa, na maotea yanayochipua kwenye shina hung'olewa mara kadhaa kwa mwaka. Shina lililozeeka hukatwa karibu na ardhi ili lichipue upya, na hapo mkulima hukosa mavuno kwa muda. Wengi hawana moyo wa kukata mti ulioachwa na baba. Ndiyo sababu mojawapo ya mashamba yetu mengi kuwa na miti iliyochoka ambayo haifikishi hata nusu kilo ya kahawa safi kwa mwaka kila mmoja.

Magonjwa nayo yanafuata hali ya hewa, na hapa pwani ina la kujifunza. Chulebuni, ugonjwa wa kuvu unaoozesha tunda likiwa bichi na kuliacha jeusi limekauka tawini, unapenda baridi na ukungu wa milimani. Kwa Mkange usingekuwa tishio kubwa. Kutu ya majani, ile ya unga wa rangi ya machungwa chini ya jani, inapenda uvuguvugu, na kadiri unavyoshuka ndivyo inavyokuwa kali kwa arabika. Ruhuka, mdudu mdogo mweusi anayetoboa tunda na kuzaliana ndani ya buni, naye anapenda joto: usiku ukiwa wa joto vizazi vyake vinaongezeka kwa mwaka. Robusta huivumilia kutu vizuri zaidi, lakini Kagera imeumizwa na mnyauko fuzari, ambao huua mti mzima ukiwa na matunda yake. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, yenye makao Lyamungu wilayani Hai, imetoa tangu mwaka 2005 aina za arabika zinazostahimili chulebuni na kutu, na baadaye robusta zinazostahimili mnyauko. Vituo vyake vidogo viko Maruku, Mbimba, Ugano, Mwayaya na Sirari. Hakuna kilichoko pwani. Mkulima wa Mkange akipata tatizo, mtaalamu wa kahawa aliye karibu naye yuko safari ya siku nzima.

Mavuno ndiyo moyo wa jambo lote. Mibuni hulala kiangazi ikiwa na vichipukizi vya maua vilivyofungwa. Mvua ya kwanza ya maana ikinyesha, vinaamka, na baada ya siku nane hadi kumi na mbili shamba zima huwa jeupe, likinukia kama asumini. Maua hukaa siku mbili tatu. Arabika hujichavusha yenyewe. Robusta inahitaji chavua ya mti mwingine, kwa upepo na nyuki, ndiyo maana miche ya robusta iliyozalishwa kwa vikonyo, yaani vipandikizi, vya mti mmoja tu haitoi mazao ya kuridhisha. Mvua zikija kwa vipande, maua hufunguka kwa vipande, na miezi baadaye kwenye tawi hilohilo unakuta tunda bichi, tunda la njano, tunda jekundu na lililokauka. Mashine ya kuvuna kama zile za tambarare za Brazil haiwezi kutofautisha. Mkono unaweza.

Mvunaji mzuri hafyagii tawi. Anashika tunda jekundu kati ya kidole gumba na cha shahada, analizungusha kidogo, linaachia, na kikonyo kinabaki mtini. Anarudi kwenye mti uleule kila baada ya siku kumi hadi kumi na nne, na hiyo inaendelea miezi mitatu, minne. Kilimanjaro kazi huanza Julai na kuendelea hadi Desemba; Mbinga na Mbozi Juni hadi Oktoba; Kagera Mei hadi Oktoba. Sehemu kubwa ya mikono hiyo ni ya wanawake na ya watoto waliotoka shule. Jina la uanachama kwenye chama cha msingi huwa la mwanamume, na hela hupita huko. Hili ni deni ambalo vyama vya ushirika havijalilipa.

Arabika ikishachumwa haina subira. Inatakiwa imenywe siku hiyohiyo, kabla haijaanza kuchemka ndani ya gunia. Kwanza huloweshwa, na zile zinazoelea, nyepesi au zilizotobolewa, huondolewa. Mashine ya kumenya, iwe ya mkono nyumbani au ya kituo cha pamoja, hutenganisha ganda jekundu na buni. Buni hutoka zikiwa na utelezi, na huvundikwa kwenye tangi kuanzia siku moja hadi tatu kulingana na baridi ya mahali. Hapa ndipo penye ujuzi usioandikwa popote. Mtu huchota konzi, huisuuza kwa maji, huisugua viganjani: kama bado inateleza, inarudi, kama inakwaruza kama changarawe, iko tayari. Wengine huchomeka fimbo katikati ya lundo na kuichomoa, na tundu likibaki wazi bila kujifunga, uvundikaji umetosha. Ukikosea kwa nusu siku kahawa inapata harufu ya siki, na hakuna mahali huko mbele ambapo harufu hiyo inaweza kuondolewa. Halafu ni kuosha, kisha kuanika kwenye vichanja vya waya, kugeuzageuza, kufunika jua la saa sita na umande wa usiku, kuchambua kwa mkono zilizovunjika na zilizobadilika rangi, kwa wiki moja au mbili, mpaka unyevu ushuke asilimia 11 hivi. Hiyo ndiyo kahawa ya ngozi inayopelekwa chamani.

Ukipima njia yote, kilo 100 za matunda mekundu hutoa kama kilo 20 za kahawa ya ngozi, na baada ya kukobolewa kiwandani hubaki kama kilo 16 za kahawa safi. Anayesikia bei ya New York akaizidisha kwa magunia ya matunda aliyoyaona mtini anajidanganya mara sita. Hiyo ni kabla ya makato ya usafiri, ukoboaji, ushuru na chama.

Robusta ya Kagera kwa sehemu kubwa hukaushwa nzima, kwenye mikeka au sakafu, na huuzwa ikiwa ya maganda. Kazi ni nyepesi na haihitaji maji mengi, jambo ambalo lingeifaa pwani. Lakini Kagera pia imelea ubaya unaoitwa butura: mkulima mwenye shida, ada ya shule au msiba, anauza kahawa ikiwa bado ua mtini, kwa sehemu ndogo ya bei yake, na msimu ukifika anamvunia mwingine kwenye kibanja chake mwenyewe. Serikali imeipiga marufuku. Inaendelea, kwa sababu shida haipigwi marufuku. Zao lolote la kudumu linalolipa mara moja kwa mwaka, likipelekwa kwa watu wasio na chama cha kuweka na kukopa, litafuatwa na butura yake. Wakulima wa korosho wa Pwani na Kusini wanaujua mchezo huo vizuri, wao wanauita kangomba.

Wachaga waliliona hilo mapema. Walipoanza kupanda arabika kwa wingi baada ya Vita ya Kwanza, walowezi wa Kizungu walitaka wazuiwe. Mwaka 1925 Wachaga wakaunda chama cha wakulima wenyeji wa Kilimanjaro, KNPA, kwa kuungwa mkono na mkuu wa wilaya Charles Dundas, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Shule na njia za Uchagani zimejengwa kwa kahawa, hilo ni kweli, lakini zimejengwa kwa kahawa iliyouzwa pamoja. Kenya wakati huo Waafrika walikuwa bado wanazuiwa kuipanda.

Pwani nayo ilijaribiwa, na si mara moja. Milimani juu ya pwani hiyo, Wajerumani walipanda mamilioni ya mibuni Usambara Mashariki, Derema na Nguelo, kuanzia miaka ya 1890. Walikata msitu wakidhani udongo ulioustawisha msitu ule ungestawisha kahawa. Msitu ulikuwa unajilisha kwa majani yake wenyewe. Ulipoondoka mvua iliosha rutuba, miti ikadhoofu baada ya mavuno machache, na bei ya dunia ikaporomoka kwa wingi wa kahawa ya Brazil. Huko chini, kwenye mashamba ya mwambao wa Tanga na Pangani, walijaribu kahawa ya Laiberia inayostahimili joto, lakini ladha yake haikupata soko. Kilichokubali pwani kilikuwa mkonge: miche 62 iliyonusurika katika ile ambayo mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliiagiza kutoka Florida ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, mwaka 1893, na ndiyo ikafuta ndoto ya kahawa kwenye nchi ya chini. Kikogwe na Mkange ziko kwenye mwambao uleule, na leo barabara ya Bagamoyo, Mkange, Pangani hadi Tanga inaziunganisha.

Baada ya kusema yote hayo, iko kahawa moja ambayo haikuletwa pwani na mtu. Katika misitu ya mwambao, kuanzia Kenya hadi Msumbiji, kuna mibuni ya mwitu ambayo mtaalamu wa mimea Diane Bridson wa bustani ya Kew, Uingereza, aliichambua na kuipa majina ya kisayansi miaka ya 1980. Mmoja wao, Coffea pseudozanguebariae, wa mwambao wa Kenya na kaskazini ya Tanzania, hauna kafeini kabisa, na tunda lake huiva kwa chini ya miezi mitatu, wakati robusta huchukua kumi. Hauuziki kwa sasa, kwa sababu una kemikali chungu inayoharibu kinywaji. Lakini umeishi na joto la usiku na kiangazi cha pwani kwa maelfu ya miaka, bila pampu wala samadi.

Mwaka 2019 wanasayansi wa Kew walitangaza kwamba katika aina 124 za mibuni ya mwitu duniani, asilimia 60 zimo hatarini kutoweka. Muda si mrefu kabla, mwaka 2018, katika misitu ya Sierra Leone, Coffea stenophylla iliyosahauliwa ilipatikana tena, na waonjaji wakakuta ladha yake iko karibu na arabika ingawa inaishi kwenye joto kubwa zaidi. Joto la dunia linavyopanda kuelekea Kilimanjaro, wazalishaji wa mbegu watakuwa wanatafuta vinasaba vya aina hizi. Karibu na Mkange upo msitu wa Zaraninge, uliomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, mojawapo ya mabaki ya misitu ya mwambao. Misitu ya namna hiyo iliyo nje ya hifadhi inaishia kwenye magunia ya mkaa yanayopandishwa malori kwenda Dar es Salaam. Tukiuliza thamani ya kahawa kwa Mkange, mimi naanzia hapo. Miti ya mwitu ikiisha hakuna taasisi itakayoirudisha, na wanakijiji wanaoilinda wanastahili kulipwa kwa kuilinda.

Jambo la pili ambalo pwani inalo ni unywaji. Tanzania hunywa chini ya asilimia 10 ya kahawa inayoilima. Wakulima wengi wa bara wenyewe hunywa chai. Pwani ndiyo iliyoshika kahawa: dele juu ya mkaa, vikombe vidogo, tangawizi, kashata ya karanga, na mazungumzo ya barazani baada ya sala ya alasiri. Kahawa hiyo hukaangwa na kutwangwa na watu wa mji wenyewe, kwa kipato kidogo, na mara nyingi kwa buni za daraja la mwisho. Kijana wa Mkange au Bagamoyo akipata mtaji wa mashine ndogo ya kukaanga, akanunua kahawa ya Kagera au ya Morogoro na kuuza iliyosagwa kwenye hoteli za Saadani na vijiwe vya Chalinze, anapata sehemu ya thamani ambayo mwenye shamba haipati. Wala hasubiri miaka minne.

Kwa yule ambaye bado anataka kupanda, naona njia moja ya uaminifu. Halmashauri iombe TaCRI ilete miche ya robusta kutoka Maruku, ya vikonyo vya aina kadhaa na si moja. Ipandwe sehemu yenye udongo mzito kidogo karibu na maji ya kudumu, chini ya migomba na miti ya kivuli, mita 3 kwa 3. Kiangazi imwagiliwe, na kila lita ya mafuta ya pampu iandikwe. Iangaliwe kwa misimu mitano, ruhuka wahesabiwe, buni zipelekwe Moshi zikapimwe uzito na ladha. Wakati huo mkulima asing'oe mkorosho wala asiguse shamba la ufuta. Nusu ekari inatosha kwa jaribio hilo, na hesabu yake isomwe mbele ya mkutano wa kijiji hata kama miti yote itakufa.